Mastaa na maswali ya chumbani: nani ana haki ya kujibu?

Desemba 2021, Willis Chimano, mpiga kinanda na saksafoni wa kundi la Sauti Sol la Kenya, alitoa wimbo wake wa kwanza akiwa peke yake, Friday Feeling. Wimbo ulipotoka alieleza hadharani jambo ambalo mashabiki walikuwa wakilikisia kwa miaka mingi: kwamba yeye ni mmoja wa watu wa jamii ya LGBTQ, na kwamba amechoka kuishi kwa kujificha.

Sauti Sol ilianzishwa Nairobi mwaka 2005, na kufikia wakati huo Chimano alikuwa amepanda jukwaani kwa zaidi ya miaka 15. Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho, kila picha yake ilifuatwa na maswali yale yale. Mavazi yake yalichambuliwa, mapozi yake yakahesabiwa kama ushahidi, na watu ambao hawajawahi kukaa naye meza moja wakatoa hukumu. Alipozungumza, wengi waliandika kwamba "walijua tangu zamani."

Walijua nini? Walikuwa wamebahatisha. Mtu aliyekisia na kisio lake likatokea kweli hana tofauti na aliyekisia akakosea: wote wawili walimsema mtu kwa jambo ambalo hakuwa amewaambia. Tofauti pekee ni kwamba aliyekosea haombi radhi, na aliyepatia anajisifu.

Tofauti hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu biashara ya kukisia mwelekeo wa kimapenzi wa watu maarufu imekua Afrika Mashariki na Kati kuliko wakati wowote. Msanii wa kiume akivaa hereni, swali linaulizwa. Msanii wa kike akinyoa nywele na kuvaa suruali pana, swali linaulizwa. Mchezaji mpira akifika miaka 35 bila kuoa, hata swali haliulizwi tena, jibu linatangazwa. Makala haya yanawataja kwa majina wale tu waliojitaja wenyewe.

Mtego usio na mlango

Waswahili wana methali inayopendwa sana na wambea: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mambo ya siasa huenda methali hiyo ina maana yake, kwa kuwa mipango ya wakubwa huvuja kabla ya kutangazwa. Kwa maisha ya mtu binafsi ni mtego. Msanii akinyamaza, ukimya unasomwa kama kukiri. Akikanusha, anaulizwa mbona amekasirika. Akipiga picha na mpenzi wa jinsia nyingine, wanasema ni zuga. Akioa, wanasema ameoa ili kufunika. Akizaa, wanataka kujua mtoto anafanana na nani.

Hakuna ushahidi unaoweza kumtoa mtu kwenye duara hilo, kwa sababu halikujengwa kwa ushahidi. Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara nyingi na mashabiki wenye nia njema, "si aseme tu yaishe," hauna msaada. Hayaishi. Na katika nchi kadhaa za eneo hili, kusema kunaweza kumfikisha mtu polisi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 162, inaweka kifungo cha hadi miaka 14. Tanzania ina adhabu nzito zaidi. Uganda, kupitia sheria ya 2023, imefika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Anayemtaka msanii wa Kampala "aseme tu" anamtaka ajitie hatiani mbele ya umati.

Kampala, orodha mbili

Mfano mzito kuliko yote uko Uganda, na haukuanzia kwenye simu bali kwenye karatasi.

Oktoba 2010, gazeti dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone, ambalo halikuhusiana kwa lolote na jarida maarufu la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha picha na majina ya watu liliodai ni mashoga. Kwa baadhi yao liliongeza mahali wanapoishi. Juu ya ukurasa kulikuwa na maneno ya kutaka wanyongwe. Watu watatu kati ya waliotajwa, David Kato, Kasha Jacqueline na Pepe Onziema, wote wanaharakati waliojulikana, walikwenda mahakamani.

Hukumu ya Mahakama Kuu, iliyosomwa mwanzoni mwa Januari 2011, bado ni mojawapo ya hukumu zilizo wazi zaidi katika eneo hili kuhusu faragha na magazeti. Jaji Kibuuka Musoke alisema suala lililokuwa mbele yake halikuwa mapenzi ya jinsia moja. Suala lilikuwa je, gazeti limevunja haki za watu hawa? Akajibu kwamba limevunja haki yao ya utu na haki yao ya faragha ya mwili na ya makazi. Aliongeza jambo ambalo watu wengi husahau hadi leo: kifungu cha sheria ya jinai kilichokuwa kikitumika kinaadhibu kitendo, hakimfanyi mtu kuwa mhalifu kwa sababu tu ya jinsi alivyo au anavyodhaniwa kuwa. Kila mlalamikaji alipewa fidia ya shilingi milioni 1.5 za Uganda.

Wiki chache baadaye, tarehe 26 Januari 2011, Kato alishambuliwa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Polisi walisema mauaji hayo hayakuhusiana na gazeti, na mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka huo huo. Wenzake Kato hawakuridhika na maelezo hayo. Lisilobishaniwa ni kwamba mtu ambaye picha yake ilichapishwa chini ya wito wa kunyongwa aliishi miezi yake ya mwisho akijua kwamba kila aliyenunua gazeti lile anaujua uso wake.

Miaka mitatu ikapita. Tarehe 24 Februari 2014 Rais Yoweri Museveni alitia saini sheria mpya dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Kesho yake gazeti la udaku la Red Pepper likatoka na orodha yake: watu 200. Safari hii hawakuwa wanaharakati peke yao. Miongoni mwao alikuwemo mwanamuziki wa hip hop anayependwa na padri wa Kanisa Katoliki, na wapo ambao hawakuwahi kusema neno lolote kuhusu maisha yao ya kimapenzi. Sheria yenyewe ilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka huo kwa kukosa akidi bungeni. Orodha haikufutwa na mtu. Sheria ikibatilishwa hutangazwa. Jina likishachapishwa, linabaki.

Sheria ya 2023 ilileta jambo jipya, wajibu wa raia kutoa taarifa kuhusu makosa fulani ya aina hiyo. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ikaondoa vifungu vichache, kikiwemo kile cha kuripoti, na faragha ilitajwa miongoni mwa haki zilizoguswa. Kwa maneno mengine, hata mahakama iliyokubali adhabu kali ilisita kumgeuza kila jirani kuwa mpelelezi.

Namba ya simu ya Dar es Salaam

Tanzania nayo imepita hapo. Februari 2017, aliyekuwa naibu waziri wa afya, Hamisi Kigwangalla, aliandika kwenye Twitter kwamba angetoa hadharani orodha ya majina. Baadaye alirudi nyuma, akitaja sababu za kiufundi. Mwishoni mwa Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga na akawataka wananchi wamtumie majina. Baada ya muda mfupi alisema amepokea ujumbe zaidi ya 5,000, wenye majina yapatayo mia moja na ushei. Tarehe 4 Novemba serikali ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa nchi.

Mtu anaweza kujiuliza ujumbe 5,000 ule ulikuwa na nini ndani. Majina mia moja kwa ujumbe elfu tano maana yake watu wale wale walitajwa tena na tena, na mtu anayetajwa na watu wengi wasiomjua kwa karibu ni mtu anayejulikana: msanii, mwanamitindo, mtangazaji, mtu wa video. Umaarufu ndio uliokuwa ushahidi.

Isidhaniwe kwamba haya ni ya Afrika tu. Oktoba 2022, mwigizaji Mwingereza Kit Connor, aliyekuwa na miaka 18 na aliyepata jina kupitia tamthilia ya Heartstopper ya Netflix, aliandika kwamba amelazimishwa kujitangaza, baada ya mashabiki kumwandama kwa wiki kadhaa wakimtuhumu kuwadanganya kwa sababu alionekana ameshikana mkono na msichana. Mashabiki hao walijiita watetezi wa wapenzi wa jinsia moja. Juni mwaka huo huo, gazeti la Sydney Morning Herald la Australia lilimwandikia mwigizaji Rebel Wilson kumuuliza kuhusu uhusiano wake na mwanamke, likampa siku mbili kujibu. Yeye akaamua kuweka picha mwenyewe kwenye Instagram. Mwandishi wa gazeti akalalamika kwamba amenyang'anywa habari. Wasomaji walikasirika kiasi kwamba safu hiyo iliondolewa na gazeti likaomba radhi. Ni nchi ambayo ndoa za jinsia moja ni halali tangu 2017, hakuna polisi wala jela katika hadithi hii, na bado watu waliona kuna kitu kimeibwa.

Udaku usiohitaji mkalimani

Lusangi, katika eneo la Kasongo na Kabambare kusini mwa Maniema, iko mbali na studio za Nairobi na vyumba vya habari vya Kampala. Lakini Kiswahili kilifika huko tangu karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, Kasongo ikiwa moja ya vituo vikubwa vya Tippu Tip, na hadi leo ni lugha ya soko, ya redio na ya nyimbo. Bongo Fleva inasikilizwa bila tafsiri. Habari ya udaku iliyoandikwa Dar es Salaam nayo haihitaji mkalimani.

Ila inafika ikiwa imepoteza vitu njiani. Inafika kama picha ya skrini kwenye WhatsApp, haina tarehe, haina jina la aliyeandika, na pengine ni ya miaka mitatu iliyopita. Kama gazeti lilikanusha baadaye, kanusho halikusafiri. Mtandao ukiwa dhaifu na megabaiti ni za kuhesabu, nani atatumia salio lake kwenda kuhakiki kama mwimbaji wa mbali ni kweli au si kweli?

Kwa mwimbaji huyo wa mbali, anayelindwa na ukuta na mwanasheria, umbea wa Lusangi haumfikii. Tatizo ni mazoea. Macho yaliyozoea kumchambua staa wa Nairobi kwa mavazi yake yatamgeukia siku moja mwimbaji wa harusi, mtangazaji wa redio ya jamii, kiongozi wa kwaya, kipa wa timu ya mtaa. Hao nao ni watu maarufu, kwa umaarufu wa kilomita ishirini. Hawana mlinzi. Kila mtu anaijua nyumba yao, anamjua mama yao, anajua saa wanayokwenda kuchota maji au kufungua duka.

Sheria ya Kongo inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Kwa bahati tu, ni kifungu cha 31 pia katika Katiba ya Kenya ya 2010, ambacho kinakwenda mbali zaidi: kinasema habari za familia au mambo binafsi ya mtu zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo sababu. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inauweka mwelekeo wa kimapenzi katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na afya na hali ya ndoa. Hata Uganda, katika sheria yake ya data ya mwaka huo huo wa 2019, imeyataja maisha ya kimapenzi kama taarifa inayohitaji ulinzi wa pekee. Kongo, tofauti na majirani hao wa mashariki, haina sheria inayotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa Katiba inazungumzia ndoa kati ya watu wa jinsia tofauti, na kifungu cha kanuni ya adhabu kuhusu kukiuka maadili hadharani kinaweza kutumiwa dhidi ya watu.

Lakini kusini mwa Maniema, kabla ya kufika kwenye Katiba, watu wengi watakwenda kwanza msikitini au kanisani. Na huko kuna hoja ambayo watetezi wa haki za binadamu huisahau wanapokuja na karatasi zao za Kifaransa.

Waislamu wa Kasongo wanalijua neno stara tangu utotoni. Sura ya 49 ya Kurani, aya ya 12, inawakataza waumini dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana, mambo matatu ambayo kwa pamoja ndiyo maelezo kamili ya ukurasa wa udaku. Sura ya 24 inaweka adhabu kwa anayemsingizia mwanamke mwenye heshima zake zinaa kisha akashindwa kuleta mashahidi wanne. Mzigo wa ushahidi uko juu ya anayesema, wala si juu ya anayesemwa. Wakatoliki, ambao Kasongo ni makao ya jimbo lao, wanayo amri ya nane inayokataza kushuhudia uongo. Dini zote mbili zinahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa dhambi, na viongozi wake hawajabadilisha msimamo huo. Hata hivyo, muumini anayeshikilia katazo moja hajapewa ruhusa ya kuvunja lile jingine. Anayesema "nachukia dhambi hiyo" huku akisambaza picha ya mtu asiye na hakika naye, ana hesabu yake mwenyewe ya kujibu.

Kipi ni cha umma?

Hoja ya upande wa pili inastahili kusikilizwa. Mastaa wenyewe, inasemwa, wanauza maisha yao. Wanatuonyesha harusi, ujauzito, kitanda kipya na ugomvi wa wapenzi, halafu wanataka tufumbe macho tukifika mlango mmoja. Kuna ukweli hapo, na wasanii kadhaa wa eneo hili wamegeuza mapenzi yao kuwa tangazo la albamu. Lakini anayekufungulia sebule hajakukabidhi funguo za nyumba nzima. Muuza duka anakuonyesha bidhaa alizozipanga mezani; huendi kufungua masanduku yake ya nyuma kwa kuwa ulinunua sabuni.

Kuna mambo ya watu maarufu ambayo ni ya umma bila ubishi. Fedha za serikali. Rushwa. Kumlazimisha mtu kingono, kumwingilia mtoto, kutumia cheo kupata mapenzi: hizo ni jinai, awe mwanamume kwa mwanamke au vinginevyo, na mwandishi anayezifichua kwa ushahidi anafanya kazi yake. Kinachoharibu ni kuchanganya mambo haya mawili. Gazeti linaloandika "staa ni shoga" na gazeti linaloandika "staa amembaka mtu" hayafanyi kazi moja, ingawa vichwa vya habari vinawekwa kwa wino ule ule.

Kesi ngumu zaidi ni ya mwanasiasa anayepiga kura kuwafunga wengine kwa jambo ambalo yeye mwenyewe analifanya kwa siri. Wapo waandishi, hasa Marekani na Uingereza, wanaoamini unafiki wa namna hiyo unafuta haki ya faragha. Huenda. Lakini hata wao wanadai ushahidi mzito kabla ya kuchapisha, na kundi hilo ni dogo mno. Mwimbaji wa nyimbo za mapenzi hamo.

Aliyechagua siku yake

Kabla ya Chimano, Kenya ilikuwa na Binyavanga Wainaina. Mzaliwa wa Nakuru, mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2002 na mwanzilishi wa jarida la Kwani?, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2011. Kitabu kilisifiwa sana. Ndani yake hakukuwa na neno kuhusu mwelekeo wake wa kimapenzi, na hakuwa na deni la kulieleza.

Tarehe 18 Januari 2014, siku aliyotimiza miaka 43, wakati Nigeria imetoka kupitisha sheria kali na Uganda iko mbioni, alitoa insha fupi aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu kile. Aliiandika kama mazungumzo na mama yake kitandani hospitalini, akimwambia kwamba yeye ni shoga. Tarehe aliichagua mwenyewe, maneno aliyachagua mwenyewe, na msikilizaji wa kwanza alimchagua mwenyewe. Sisi wengine wote tulisikia kwa kusimama nyuma ya mlango aliouacha wazi kwa makusudi. Desemba 2016 alitangaza kwa namna hiyo hiyo, kwa mdomo wake, kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya Mahakama Kuu ya Kenya kukataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165.

Mazungumzo yale ya hospitalini hayakuwahi kutokea. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 2000 na baba yake mwaka 2011, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuambiwa.